Mashine ya Kumwona Aurore

Sauti, na kile Kiswahili cha Bukavu, alivisikia kabla hajamwona mwenyewe, na moyo ukampiga paa.

"Bonjour. Muko na ordinateri ndogo, ile ya kugeuka? Ya kugusa na kidole?"

Mudathiru alikuwa ameinamia simu ya mteja, bisibisi mkononi. Hakuinua kichwa. Wanaume wana vituko vyao: mtu anaweza kukaa mwaka mzima akimwomba Mungu amwonyeshe mtu mmoja tu, na siku Mungu akimsikia, anajifanya ana kazi nyingi. Alikaza skrubu ambayo ilikuwa imekwisha kazwa. Akaikaza tena. Ndipo akapandisha macho. Aurore alikuwa amesimama upande wa pili wa kaunta, ndani ya gauni la kitenge cha manjano ambalo Mudathiru alilijua hadi mshono wa bega, kwa sababu baba yake mwenyewe ndiye aliyelishona.

"Karibu," alisema, na neno lenyewe lilitoka limekauka.

"Asante."

"Umekonda."

"Na weye umefuga ndevu."

Wakaishia hapo. Hawa ndio watu waliokuwa wakizungumza mpaka simu zinaungua masikioni, wakiagana mara nne na hakuna anayekata. Sasa maneno yalikuwa yamewaishia kama chumvi jikoni, na kila mmoja alikuwa akiangalia vitu vya dukani. Duka halikuwa na mengi ya kuangalia: rafu ya masharja iliyovunjika kona moja, simu chache ndani ya kioo, na kompyuta, ndizo hizo ordinateri, ambazo Mudathiru huziagiza Kigali na kuziuza pale Kamembe, hatua chache juu ya soko.

"Ordinateri ya kazi gani?" aliuliza, akishika njia ya biashara kwa kuwa ndiyo iliyobaki. "Ya ofisi? Ya masomo?"

"Ya kila siku tu. Ya kuongea na bantu, kuangalia bapicha, kusikiliza kwaya asubui. Isikuwe nzito. Isikuwe na mambo mingi."

"Simu inafanya hayo yote."

"Simu ni ndogo. Huyo muntu nanunulia hapendi simu. Anasema kwa simu anaonaka kipande kipande, leo jicho, kesho pua. Anataka kuona uso muzima."

"Basi tableti."

"Tableti nani atashika? Mikono yake iko na kazi tangu asubui. Anataka kintu ya kusimama yenyewe juu ya meza."

Mudathiru aliiweka bisibisi chini. Mikono hiyo yenye kazi tangu asubuhi aliijua. Ni mikono ya Maman Nabintu, mama yake Aurore, anayechambua sambaza, vile visamaki vya ziwani, mezani kule chini Cyangugu, karibu na daraja la kuvukia Bukavu, na ambaye hasimamishi kazi hata mgeni akiingia.

"Ni ya Maman?"

"Ni ya Maman."

"Maman hajui kusoma."

"Njo maana nataka ya kugusa. Atagusa tu fasi iko picha yangu, nami nitaitika."

"Uitike kutoka wapi? Si munakaa nyumba moja?"

Aurore alishusha macho, na macho ya Mudathiru yakashuka naye mpaka kwenye mkono uliokuwa juu ya kaunta. Pete ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa pete.

"Ninaenda, Mudathiru. Jumapili."

"Wapi?"

"Montreal. Kwa Fabien. Ni mutoto ya rafiki ya Papa, alikwendaka huko zamani. Familia yake balikuya kwetu Pasaka. Ng'ombe za mahari zilishafika."

Alisema kwa sauti ya mtu anayetaja saa ya basi. Mudathiru aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeisikia saa hiyo ya basi. Ndani yake kitu kilikatika, na hakuona haja ya kukificha kwa nafsi yake: alikuwa bado anampenda. Alikuwa akimpenda zaidi ya mwaka jana, na mwaka jana alidhani haiwezekani kuzidi.

Mwaka jana ndipo familia yake ilipokwenda kutoa posa. Waliteremka barabara ya Cyangugu, kanzu zimepigwa pasi, mbele yupo Mzee Munyaneza, baba yake, fundi cherehani ambaye Kamembe nzima inamheshimu kwa mkono wake na kumwogopa kwa kiburi chake. Walibeba kreti za Fanta na madumu ya mutobe, maji ya ndizi matamu yasiyochachushwa. Kwa Bashi wa Bukavu, kabila la Aurore, posa huendana na kasiksi, ile pombe ya ndizi. Mzee Munyaneza alisema ndizi ni ndizi, na kwamba mkono wake hautabeba pombe hata kwa binti wa mfalme. Kuhusu dini walikuwa wameshasikilizana kwa shida, kila upande ukimeza mate machungu. Kilichobaki kilikuwa kinywaji.

Pale mlangoni alisimama Ladislas, baba mdogo wa Aurore, aliyepewa kusema kwa niaba ya familia. Aliangalia madumu, akaangalia kanzu, akasema, "Hii ni kinywaji ya batoto. Murudi nayo. Muende mukafikiri." Mlango ukafungwa. Mzee Munyaneza akapanda mlima na madumu yake, soko zima likimtazama. Alipofika nyumbani alisema neno moja tu: jina la familia ile lisitajwe tena chini ya bati lake. Mudathiru alingoja Aurore apige simu. Hakupiga. Naye akaapa hatapiga, na kwa kiburi, ole wake, alikuwa mtoto halali wa baba yake.

"Nionyeshe basi," alisema Aurore.

Mudathiru alishusha kompyuta moja ndogo ya kijivu, isiyozidi daftari la shule kwa upana. Akaifungua. Akaendelea kukisukuma kioo kwenda nyuma, mpaka Aurore akashtuka na kumshika mkono.

"Utavunja."

"Haivunjiki. Bawaba zake zinazunguka."

Mkono ulibaki pale muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, kisha ukaondoka. Kioo kilizunguka mpaka kikakaa mgongoni, na Mudathiru akaisimamisha juu ya kaunta kama paa la kibanda.

"Inasimama hivi. Vibonye vinakaa nyuma. Maman ataona kioo tu. Anagusa, basi."

"Na sambaza? Maji ya sambaza?"

"Aiweke mbali na beseni. Na afute vidole kwanza."

Aurore alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Maman kufuta vidole. Utamwambia weye."

"Mimi sitamwona Maman."

Tabasamu likazimika. Aurore alipitisha kidole juu ya kioo, na picha za mashine zikasogea chini ya ukucha wake. Alipozungumza, alizungumza na kile kioo.

"Kwa nini hukurudi?"

"Kurudi wapi?"

"Kwetu."

"Aurore, muntu akifukuzwa mlangoni na vitu vyake mkononi, anarudi wapi tena?" Alijaribu kuishusha sauti, ikakataa. "Baba yangu alipanda ule mlima na madumu, bantu bote ba soko banamwangalia. Mulitukataa. Na weye hukupiga hata simu moja kusema pole."

"Tulibakataa," Aurore alirudia polepole. "Unafikiri tulibakataa."

"Sifikiri. Nilikuwepo."

Hapo Aurore alimtazama. Mudathiru alikuwa amewahi kutazamwa na macho yale kwa hasira, kwa mapenzi, na kwa ule utani wake wa kumcheka bila kucheka. Hakuwahi kutazamwa hivi. Yalianza kwa mshangao. Kisha uso ukampauka, na akashika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili.

"Nini?"

"Hapana kintu."

"Sema."

"Hapana kintu, Mudathiru." Alikigusa kioo tena. "Niambie bateri inashika saa ngapi."

Inashika asubuhi mpaka jioni, alimwambia. Kisha akamwambia achukue mashine aende nayo, asitoe chochote.

"Hapana. Ukinipa bure itakuwa zawadi ya harusi. Na kwako siwezi pokea zawadi ya harusi."

Basi akalipa kama mteja yeyote, na Mudathiru akapokea kama muuzaji yeyote, na wote wawili walijua ni uongo. Ilibaki kazi moja. Ili Maman aguse picha, lazima picha iwepo, na Aurore hakutaka ya kwenye simu. Zile alizopiga tangu Pasaka, alisema, yeye mwenyewe hazipendi. Mudathiru akaigeuza mashine, akaielekeza kwake.

"Angalia hapa juu. Cheka kidogo."

"Piga hivi hivi."

"Maman atataka kukuona unacheka."

"Maman ananijua. Piga."

Akapiga. Akaiweka ile picha katikati ya kioo, akaondoa vingine vyote pembeni, ili kidole cha Maman Nabintu kisiwe na pa kupotelea. Macho ya Aurore katika picha yalikuwa na maji. Mudathiru alijiambia ni mwanga wa mlangoni.

"Kwaheri," Aurore alisema, mashine imefungwa ndani ya kitenge chini ya kwapa.

"Safari njema."

Alifika mlangoni, akasimama, amempa mgongo. Mudathiru alingoja. Aurore akashuka ngazi akaenda.

Jumapili, ndege ndogo ya Kigali iliruka kutoka uwanja wa Kamembe na kupita juu ya maduka kama inavyopita siku zote. Mudathiru alikuwa anafunga mzigo wa mteja. Aliufunga vizuri, akamrudishia mteja chenji yake, akaingia nyuma ya pazia ambako hukaa kreti za soda, akalia akiwa amejiziba mdomo kwa mkono. Mteja wa pili alipoita, alitoka uso umeoshwa.

Siku zikaenda. Mvua zikaanza, na barabara ya kwenda Cyangugu ikawa inateremsha maji mekundu. Mzee Munyaneza alimletea majina ya wasichana wawili wa Kamembe, watoto wa watu, na Mudathiru akasema atafikiri. Aliposema hivyo alikumbuka ni nani mwingine aliyeambiwa aende akafikiri, na chakula kikamshinda.

Alasiri moja, mvua imekatika, mlangoni alitokea Maman Nabintu. Alikuwa anahema. Mkono mmoja alikuwa na kifurushi cha kitenge, mwingine chupa ya chai ya plastiki na kikombe kimoja cha bati. Vyote alivitua juu ya kaunta bila salamu. Mwanamke aliyepanda mlima ule kwa umri ule anadai kupumua kwanza.

Mudathiru alitoka mbio na kiti.

"Maman. Karibu, ukae."

"Nimekaa, Papa," alisema, jinsi mama wa Bukavu wanavyomwita kijana kwa heshima. Alifungua kitenge. "Mashine yako imekufa. Ile bibonye ya chini, nabonyeza, haisikii. Na juzi niliona mutoto yangu kichwa chini, miguu juu, nikapiga kelele mpaka bajirani bakakuya."

Kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili, Mudathiru alicheka. Aliichukua mashine. Ilikuwa na harufu ya sambaza.

"Haijafa, Maman. Ukigeuza kioo kwenda nyuma, vibonye vinalala. Njo inavyotengenezwa, usiviguse kwa bahati mbaya. Ukirudisha mbele, vinaamka. Ona."

"Kumbe inalala tu."

"Inalala tu. Na ukiisimamisha juu chini, picha inapotea njia kidogo. Unaigeuza polepole, inajirudi."

Maman alijaribu. Alifuta vidole kwanza kwenye kanga yake, kila kimoja, na Mudathiru akaangalia pembeni. Kioo kiliwaka. Uso wa Aurore ukatokea katikati, na yale macho.

"Hii picha," alisema Maman, "ulimupiga saa ngapi?"

"Siku ile aliponunua. Hapa hapa."

"Mulikuwa munaongea nini?"

"Hapana kitu, Maman. Mambo ya zamani."

"Kila asubui nagusa hii uso inalia," alisema Maman Nabintu. "Najua inalia nini. Siku ile alirudi nyumbani, hakukula. Nikamuuliza, akasema, 'Maman, hakujua.' Nikasema, hakujua nini? Akasema, 'Hakujuaka kama ni lazima arudi.'"

Mudathiru alihisi kaunta ikiondoka chini ya viganja vyake.

"Arudi wapi?"

"Papa, sikiliza. Kwa bantu ba kwetu, kwa ukoo ya Buhendwa bwana yangu, muntu akikuya kuposa, mara ya kwanza anarudishwa. Hata akuye na ng'ombe kumi. Hata miye nilipoposwa, baba ya Buhendwa balimurudisha kwetu. Wanatafuta tu kintu ya kusema. Wanasema ng'ombe imekonda, wanasema kinywaji ni kibaya. Ni kuangalia kama muntu atarudi. Baba ya kijana anarudi peke yake, asubui, bila bantu nyingi. Mlango unafunguliwa. Njo mwanzo ya ndoa."

"Ladislas alisema..."

"Ladislas alisema muende mukafikiri. Haikukuwa kukataa. Kukataa, bangekunywa ile mutobe yote, banacheka na ninyi, halafu banakaa kimya."

"Kwetu sisi, vitu vikirudishwa mlangoni, imekwisha," alisema Mudathiru. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Hakuna kurudi tena. Ni aibu kurudi."

"Sasa najua."

"Kwa nini hakuna aliyetuambia?"

"Ukiambiwa, inakuwa umefundishwa. Haina maana tena. Na mutoto mwanamuke akipiga simu, banasema amejiposa mwenyewe. Aurore alilala na ile simu chini ya kichwa, mikono yake ameifunga na kanga ili asipige." Maman alivuta pumzi. "Kila Jumamosi asubui nilikuwa naosha kikombe ya baba yako. Papa Buhendwa anakaa kwa kiti, mlango wazi, hata mvua inanyesha. Alianza kuuliza: kwani kule kwao hakuna muntu aliyeoa kwetu, awaambie? Hakukuwako. Tulingoja mpaka Pasaka, Papa. Halafu rafiki yake akakuya."

Mudathiru aliwaza ile barabara. Si mbali: ni mteremko tu, kona chache, mtu mwenye haraka anaufika mlango ule kabla chai haijapoa. Mara ngapi alisimama pale juu, anatazama mabati ya Cyangugu, akarudi dukani ili asionekane mnyonge? Mlango ulikuwa wazi siku hizo zote.

"Tungerudi na nini?" aliuliza. "Baba asingebeba pombe, Maman. Hata leo."

"Mungerudi na ile mutobe ile ile."

Ilikuwa vigumu kukaa ndani ya mwili baada ya neno hilo. Machozi yalimtoka na safari hii hakuyaficha, na Maman Nabintu hakumwambia anyamaze. Alimshika tu kifundo cha mkono, kwa vidole vyake vyenye magamba ya samaki, akakishikilia.

Wakiwa hivyo, mashine ikaanza kulia kwa ule mlio wake wa kuita.

"Njo yeye," alisema Maman. "Saa yake njo hii."

"Nitatoka nje."

"Ukae."

Hakutoka, wala hakukaa mbele. Alizunguka upande wa pili wa kaunta, ambako kinachoonekana ni mgongo wa mashine tu, ile plastiki ya kijivu. Maman alifuta kidole, akagusa.

"Maman, uko muzuri?"

Mungu wangu, ile sauti.

"Niko, mutoto yangu. Baridi je?"

"Iko tu. Leo nakuona kichwa juu. Nani amekutengenezea?"

"Imejitengeneza. Unakula?"

"Nakula. Fabien njo ananipikia, anasema nitakonda. Ni muntu muzuri, Maman. Nilikuambia."

"Uliniambia."

Mudathiru alisimama, mikono nyuma. Alikuwa ametamani, na hili ni la kusikitisha kulisema, kusikia kwamba huyo Fabien ni mtu mbaya. Mtu mbaya mwanamke humtoroka.

"Maman?" Sauti ilibadilika. "Uko wapi?"

"Niko tu."

"Nyuma yako kuko rafu ya masharja. Imevunjika kona."

Maman Nabintu aligeuka kuiangalia rafu, kana kwamba ndiyo yenye makosa.

"Ile rafu naijua," alisema Aurore. Kisha: "Ako hapo?"

Mudathiru alitikisa kichwa, akamwomba kwa macho. Lakini Maman Nabintu hakuwahi kumdanganya mtoto wake, na hakuona sababu ya kuanzia pale.

"Ako."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia. Ulinikataza, najua. Nimeshindwa."

Mkono wa Maman ulikuwa umeshainuka kwenda kwenye mashine, kuigeuza imtazame Mudathiru, na Aurore bila shaka aliuona.

"Usigeuze, Maman. Tafadhali. Nikimuona sitaweza kukaa huku, na huku njo kwetu sasa."

Mkono ukasimama. Mudathiru aliutazama ule mgongo wa kijivu. Aliiuza mwenyewe mashine hiyo. Alijua inageuka kwa nguvu ya kidole kimoja. Kidole kimoja tu, na angeuona uso wake mzima. Aliinua mkono. Akauweka bapa juu ya plastiki ile, ilikuwa ya vuguvugu kwa kazi, akauacha hapo bila kusukuma.

"Aurore," alisema.

"Ndiyo."

"Ningerudi."

"Najua. Nilijua ile siku, pale kwa kaunta."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungeshuka mlima jioni ile ile. Na ng'ombe za bantu zilikuwa kwetu. Papa angesema nini? Na Fabien alikosa nini?" Sauti yake ilikatika, ikarudi. "Nilitaka muntu mumoja kati yetu alale usingizi."

"Sikulala."

"Basi haikusaidia kintu."

Maman Nabintu alikuwa akiangalia kioo, machozi yanashuka kwenye mikunjo ya mashavu, naye hayafuti. Katikati yao ilisimama ile mashine ndogo, uso upande mmoja na mkono upande mwingine.

"Mudathiru."

"Niko."

"Umuonyeshe Maman namna ya kuongeza sauti. Ananisikiaka vibaya, halafu anasema tu ndiyo, ndiyo."

"Nitamwonyesha."

"Asante. Maman, kesho."

Mlio mdogo, na kioo kikarudi kwenye ile picha. Nje, mvua ilianza tena, watu wakakimbilia chini ya baraza za maduka. Maman Nabintu alichukua ncha ya kanga akajifuta uso, kisha akaivuta ile chupa ya chai aliyokuja nayo, akakizungusha kifuniko, akamimina ndani ya kikombe cha bati. Haikuwa chai. Harufu ya ndizi mbivu ilijaa dukani.

"Papa Buhendwa alikamua mwenyewe, leo asubui," alisema. "Alisema, muntu akirudi mara ya pili, anapewa kikombe. Nikamwambia hakurudi, na sasa hatarudi. Akasema, basi uende weye."

Alikisukuma kikombe juu ya kaunta kwa mikono miwili, jinsi mkwe anavyopewa.

"Nimerudi miye, mutoto yangu. Ukunywe."

Mudathiru alikipokea kwa mikono miwili. Mutobe ulikuwa mtamu, mtamu kabisa, haujachacha hata kidogo, na alikunywa mpaka chini kwa sababu heshima inataka hivyo. Kisha alikisuza kikombe kwa maji ya chupa, akakirudisha kwa mwenyewe, akavuta kiti karibu na Maman Nabintu, akaanza kumwonyesha namna ya kuongeza sauti.